Uzito wa Abiria wa Nyuma

Nilikuwa nimeshiba, sina homa, na ilikuwa saa saba mchana. Nayasema hayo mapema kwa sababu najua utauliza. Mimi si mtu wa hadithi za majini. Natengeneza kompyuta hapa Isiolo mjini, na haya yalinipata dukani mwangu mwenyewe.

Kazi ikipungua huwa natengeneza ndege za kwenye kompyuta, zile programu ambazo mtu anakaa kwenye kiti chake na kurusha ndege kama rubani. Kuichora ndege si kazi. Kazi ni kuifanya iruke kama ile ya kweli, yaani kuieleza kompyuta uzito wake, nguvu ya injini, na jinsi hewa inavyobeba bawa ikiwa ya moto. Ukikosea kidogo, inapaa kama mwewe wakati ile ya kweli ilikuwa ikijikokota.

Wakati huo nilikuwa na ndege ndogo ya zamani ya kunyunyizia nzige dawa. Babu mzaa baba alikuwa fundi wake, kabla baba hajaoa, na alituachia daftari. Kila safari aliandika joto la siku, mafuta, dawa iliyobebwa, na mita ambazo ndege ilikimbia kabla ya kuacha ardhi. Safari za Kinna, Kulamawe na Merti, zote niliziingiza na ndege yangu ikazifuata karibu sawasawa. Safari moja tu ilikataa, ya kutoka Biliqo kurudi Isiolo. Babu aliandika watu wawili, yeye na rubani, tangi la dawa tupu, mita mia nne na arobaini. Yangu ilipaa kwenye mia nne. Nikipunguza nguvu ya injini, Biliqo inakubali na nyingine zote zinaharibika. Nilihangaika nayo wiki tatu. Je, mzee alikosea kupima? Sikudhani. Kwenye daftari lile zima hakukosea hata mara moja.

Ijumaa moja watu walipokwenda msikitini, mimi nilibaki. Nakiri. Nilifunga mlango wa vyuma kwa kufuli, kwa ndani, nikaendelea.

"Salaam aleikum."

Nilijibu kabla ya kugeuka. Alikuwa mwanamke wa Kiborana, umri wa miaka ishirini hivi, mjamzito, amesimama nyuma ya kiti changu. Alikuwa na harufu ya moshi wa kufukizia vibuyu vya maziwa. Niamini, sikuogopa. Nilifikiri nimesahau kufunga.

"Tumefunga, dada. Rudi saa nane."

Hakunitazama. Alikuwa akitazama kioo cha kompyuta. "Hiyo ndege umeweka watu wangapi?"

"Wawili."

"Tulikuwa watatu," akasema. "Mimi nilikaa nyuma, chini. Fundi aliniambia nisishike kitu."

Alisema polepole, kama mtu anayesahihisha jina lake kwenye fomu. Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya kazi. Niliongeza kilo sitini nyuma ya viti, nikarusha. Mkia ulichelewa kuinuka, ndege ikakimbia, ikakimbia, ikaacha ardhi kwenye mita mia nne na arobaini. Nilirudia mara tatu. Nilipogeuka kumwonyesha, hakuwepo. Kufuli lilikuwa limefungwa vilevile na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Hapo ndipo nilipoogopa, nikafungua na kutoka nje.

Jioni nilikwenda kwa shangazi Halima, dada mkubwa wa baba, ndiye pekee aliyebaki anayemkumbuka babu akiwa kazini. Nilimuuliza kama babu aliwahi kubeba mwanamke kwenye ndege.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu, shangazi."

Hakuamini, lakini alinieleza. Ndege ile haikuruhusiwa kubeba abiria. Kule Biliqo kulikuwa na msichana, Talaso, uchungu umemshika siku mbili na mtoto hatoki. Mume wake alikuwa mbali na ngamia. Babu alimwomba rubani, rubani akakubali. Talaso alifia hewani. Wale wawili wakaogopa kufukuzwa kazi, wakatafuta watu wachache wa kumsalia, wakamzika jioni hiyo hiyo.

"Na watu wake waliambiwa nini?"

"Hawakuambiwa kitu. Babu yako aliomba asipelekwe Biliqo tena."

Nilikaa na hilo siku kumi. Kisha nikapanda lori mpaka Merti, na kutoka hapo pikipiki. Biliqo nilimpata mdogo wake Talaso, mzee Guyo, akitenganisha mbuzi wake na wa jirani. Nilimweleza yote isipokuwa yale ya dukani. Hakuniuliza nimejuaje.

"Sisi tuliambiwa na watu kwamba alipona, akatoroka na yule rubani," alisema. "Mama yetu alikufa hataki jina lake litajwe nyumbani."

"Hakutoroka, mzee."

"Alisaliwa?"

"Ndiyo."

"Kaburi liko wapi?"

Shangazi alijua tu kwamba ni karibu na uwanja wa zamani wa ndege, na upande huo sasa kumejaa nyumba. Nilimwambia hivyo.

"Miaka hii yote nimemchukia," akasema. Kisha akarudi kwa mbuzi wake, kwa sababu walikuwa wameanza kuchanganyika.

Ndege ile sikuitoa kwa watu. Zile kilo sitini bado ziko ndani ya faili na sijathubutu kuzifuta. Ijumaa nafunga duka mapema, na chai ya maziwa ya moshi, niliyoipenda tangu utotoni, siwezi tena kuimeza.

Nawe unayefufua vitu vya watu waliokufa, nisikilize. Hesabu moja ikikataa kukaa, usiilazimishe. Lakini ukiamua kuuliza ni kwa nini, ujue unaweza kujibiwa, na jibu hilo huenda lisiwe lako. Utalipeleka kwa mtu mzima aliyekuwa ameshazoea kuishi bila hilo, kisha wewe utapanda lori urudi nyumbani, na yeye atabaki nalo.