Sahani ya Kaniki

Iko siku moja, mwanangu, haitoki kwa kichwa changu. Inanirudia kila ninapokuona na simu yako, unasukuma filme kwa kidole mpaka mwisho, halafu unasema, "Hii ni mbaya." Kaa kidogo.

Mimi sikusoma sana, lakini filme nimeziona. Zamani, mji wetu Likasi ukiwa na raha yake, walituonyesha filme katika ukumbi wa wafanyakazi. Aliyezungusha mashine alikuwa Papa Mulongo, mtu mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Filme moja ilikuwa na bobini tano, yale magurudumu ya mkanda. Kila bobini ikiisha taa zinawaka, tunakwenda kununua karanga. Zile za zamani nilizipenda: mtu akipigwa risasi moja, anakufa. Zilizokuja nyuma, anapigwa risasi ishirini, anainuka, anapangusa suruali.

Miaka ya tisini kila kitu kikaanguka. Viwanda vikanyamaza, ukumbi ukafungwa, popo wakahamia. Jirani yetu Zakaria alikuwa na televizyo na video, basi Jumamosi mchana tulijazana sebuleni mwake. Nilikuwa kijana bado, na mdomo mrefu. Filme ikianza tu, natangaza nani atakufa. Mara nyingi nilipatia, na sifa zikanilevya.

Siku ile Zakaria aliweka filme ya Kihindi. Bwana anaacha bibi yake, anapanda meli kwenda kutafuta maisha. Bibi anabaki dirishani, anaimba, anangoja. Kando yangu alikaa Mama Feli, wa nyumba ya pili. Bwana yake Kaniki, seremala, alikuwa amevuka mpaka kwenda Zambia kutafuta kazi. Ulikuwa mwezi wa nane tangu aondoke, hakuna barua, hakuna salamu. Mama Feli hakuwa akitazama filme, alikuwa akijitazama. Katikati ya wimbo, pu! umeme wa bwawa la Koni ukakatika.

Watu wakaanza kubishana. Nikainuka.

"Munabishana bule! Ule bwana hatarudia. Iko na bibi mwingine kule."

"Weye Mama Beya, umekuwa nabii?" akauliza Zakaria.

"Minye si nabii. Niko na macho tu."

Wote wakacheka, isipokuwa Mama Feli. Wazee husema mdomo uliponza kichwa. Siku ile wangu uliponza kichwa cha mwingine.

Kesho yake akaniletea sahani ya bati yenye ukingo wa buluu. Niliijua. Ilikuwa ya Kaniki. Miezi yote ile, kila akipika bukari, ule ugali wetu, aliipangusa na kuiweka mezani tupu, ili watoto wasisahau kwamba baba yao ana nafasi yake.

"Chukua, mama. Hakuna tena mwenye kuilia. Minye narudia kwetu Kambove na batoto."

Na mimi, mwanangu, nikaipokea! Nikapakua humo sombe ya majani ya muhogo, nikala. Papa Mulongo akapita kuomba moto, akaiona.

"Hiyo si sahani ya Kaniki?"

Nikamweleza, huku nikicheka-cheka. Hakukaa. Akavua miwani.

"Mama Beya, miaka yote niliona watu wanatoka kwa bobini ya pili, halafu nyumbani wanasimulia mpaka mwisho. Wale walipoteza filme tu. Weye unapoteza nyumba ya mutu. Akienda Kambove, wengine wataingia mule kabla jua halijashuka. Kaniki akirudia, atapiga hodi kwa nani?"

"Na kama hatarudia, Papa?"

"Hata vile, ule mwisho si wako."

Nikaacha kula. Nikaosha sahani, nikaenda nayo mbio. Mama Feli alikuwa akifunga mafurushi.

"Mama Feli, nilidanganya. Ile filme sikuionaka. Mwisho wake siujui."

Akaachia kamba ya furushi. "Basi tutaimaliza," akasema. "Halafu nitaenda, ao nitabakia."

Tukangoja umeme siku tatu, mafurushi yakiwa mlangoni. Uliporudi, tukakimbilia kwa Zakaria, mimi na ile sahani mkononi, maana hakuwa ameipokea. Bibi akaimba, dirisha likafunguka, na hapo... harusi! Keki, tarumbeta, wajomba wanacheza. Zakaria alikuwa amerekodi harusi ya dada yake juu ya mwisho wa filme.

"Zakaria!" tukapiga kelele. "Bwana iko wapi?"

Akajibu Mama Feli. "Labda alirudia, akapitia kwanza kwa keki!" Akacheka mpaka machozi, yeye ambaye hakuwa amecheka tangu Kaniki aondoke. Kisha akachukua sahani mikononi mwangu, akaenda kufungua mafurushi.

Kaniki alirudi na mvua za kwanza, amekonda, msumeno begani. Alikuwa ameugua huko, bila mtu wa kumwandikia barua ya kutuma nyumbani. Alikula bukari katika sahani yake, na mimi nilikaa nje nikilia, aibu na furaha pamoja. Mpaka leo watoto wa nyumba ile wananiita Nabii.

Basi, mwanangu, filme usiihukumu kwa nusu, na mtu usimkatie mwisho wake. Usilolijua, sema "sijui". Neno hilo halijavunja nyumba ya mtu. Miaka ile wengi walisema Likasi imekufa, na tazama, bado tunapika, bado tunabishana juu ya filme. Subira huvuta heri, lakini anayengoja anahitaji jirani asiyemvunja moyo.

Mungu akupe macho ya kukaa mpaka bobini ya mwisho. Na siku utakayochelewa njiani, akuwekee mtu wa kupangusa sahani yako.