Mashine ya Nane na Daftari la Edith

Edith alikuwa amekaa miaka ishirini na miwili katika chumba kile cha kompyuta mjini Voi, na alikuwa amejaza madaftari kumi na tisa ya kumbukumbu za kazi. Donald, meneja wake, aliyaita hadithi za Mama Daisy, ndivyo alivyomwita Edith. Donald mwenyewe hakuwahi kuandika kitu kirefu kuliko jina lake, tena chini ya kazi ya mtu mwingine.

Chama chao cha wakulima kilikuwa na kompyuta kuu moja, na ndani yake mashine nane za mfumo wa Linux, kila moja ikijiona kompyuta kamili. Kila umeme ulipotangazwa kukatika, Edith aliiamuru kompyuta kuu izitumie zote ishara ya kujizima. Zilipewa dakika tano. Iliyochelewa ilikatwa ghafla, ilivyo. Saba zilitii. Ya nane ilikatwa mara tatu, na mara ya tatu rekodi za wanachama wa eneo la Marungu ziliharibika.

Jumatatu Donald alimwekea barua mezani. Ilisema Edith alikata mashine kwa uzembe kabla ya muda kwisha.

"Weka sahihi, Mama Daisy. Utahamia stoo, mambo yaishe. Ukikataa, Ijumaa uko mbele ya bodi."

Edith aliikunja barua mara mbili, akaitia ndani ya daftari.

Ya nane ilikuwa imejengwa na Austin, mtaalamu aliyeshuka kwa treni kutoka Nairobi na begi lenye nembo za kampuni tatu. Mashine saba za kwanza zilikuwa nakala za moja, ile ambayo Edith na mwenzake wa kazi, marehemu Nzomo, waliitengeneza kwa mikono yao. Ndivyo kazi ilivyofanywa hapo: hujengi upya, unanakili. Austin aliona hayo ni mambo ya kizamani.

"Mama, hiyo mashine ni nzito tu," alisema sasa, macho kwenye simu. "Ipe dakika kumi na tano badala ya tano."

"Umeiangalia ikijizima?"

"Haina haja. Najua vile inafanya."

"Nimeuliza kama umeiangalia."

Hakuwa ameiangalia. Walikuwa wamelipa nauli yake ili aje kutojua akiwa Voi badala ya kutojua akiwa Nairobi.

Jumatano jaribio lilipangwa, na muda ukawekwa dakika kumi na tano, alivyotaka Austin. Edith alivuta kiti mbele ya skrini, saa ya mkononi juu ya daftari, Donald na Austin wakiwa nyuma yake. Ishara ikatumwa. Dakika moja na sekunde hamsini, mashine ya nane ilikuwa imefunga kila kitu, safi kabisa. Akaandika. Sekunde ishirini baadaye ilianza kuwaka tena. Akaandika. Dakika ya kumi na tano ilikatwa, ikiwa katikati ya kazi.

"Haikuchelewa," Edith alisema. "Ilijizima, ikajiwasha. Linux isiyorekebishwa ikipata ishara hii huwaka upya, mpaka uiambie izime na ibaki imezimika. Mimi na Nzomo tuliiambia. Ni mstari mmoja kwenye mipangilio. Ungenakili, ungekuja nao."

Austin alimgeukia Donald. "Hiyo ni default tu, bosi, vile inakuja yenyewe. Si kosa la mtu."

"Lilipokuwa kosa langu, lilikuwa la mtu," Edith alisema.

Akaubadilisha ule mstari, akarudia jaribio. Mashine ya nane ilijizima kwa dakika moja na sekunde hamsini na mbili, na haikuwaka tena. Walingoja hadi dakika ya kumi na tano. Donald alikuwa akitazama viatu vyake.

"Sawa, Mama Daisy. Hebu nirudishie ile barua. Tutaandika kwamba timu ilitatua."

"Haiwezi kurudi. Nimeibandika." Edith alifungua daftari: barua upande mmoja, nyakati za majaribio yote mawili upande wa pili. Akamsogezea kalamu. "Weka sahihi hapo chini kwamba umeona. Kazi hiyo unaiweza."

Donald akaweka sahihi. Edith akaandika saa kando yake, akafunika daftari.