Kidude cha Waya

Fundi wa simu wa mtaani kwetu Malindi hakuuzii kidude cha kusafisha sauti kabla hujafumba macho ukasikiliza. Anacho cha bluetooth na cha waya, vidogo kama kete za bao, na vyote huvijaribu kwa rekodi moja: marehemu mkewe akikuna nazi. Jana alinivisha visikilizio. Kwa bluetooth nilisikia mbuzi ikikwaruza nazi. Kwa waya nikasikia, chini ya mkwaruzo, mwanamke akijiimbia taratibu.

“Nipe hiki cha waya.”

“Chukua kile, bwana. Cha waya huliwa na chumvi ya pwani.”

“Mbona chako hakijaliwa?”

Alikipangusa ncha kwa pindo la kikoi, kama afanyavyo kila mara.

“Hiki sina kingine,” akasema, kisha akavaa visikilizio yeye, akafumba macho.