Ramani Nyekundu ya Bugomora

Siku niliyoripoti kazini, nikiwa mhadhiri msaidizi, Mkuu wa Idara ya Jiografia aliniuliza kama najua Kinyambo vizuri. Nikamjibu kwamba nimezaliwa Chonyonyo, hukohuko Kagera. Akasema basi mradi wa Kagera ni wangu. Ulikuwa mradi wa ushirikiano na chuo kikuu kimoja cha Ulaya: wao walileta vifaa, sisi tulitoa vilima.

Kazi ilikuwa kupima mmomonyoko. Unazungushia mabati kipande cha shamba kwenye mteremko, chini unatega pipa, na kila mvua ikinyesha unapima udongo ulioingia. Kwa hiyo tuliomba vibanja vya watu, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba zao. Kule Bugomora, Mzee Bagenda alikubali tung'oe migomba yake. Aliuliza tu kama tukishaujua mlima wake tutarudi kumwambia. Mkuu wa Idara, aliyekuwa amefuatana nasi, alimshika mkono akamwahidi.

Miaka ikapita, tukachora ramani ya hatari, ile inayoonyesha miteremko inayoweza kuporomoka. Kibanja cha Mzee Bagenda na cha jirani yake, Mama Devota, vilikuwa katikati ya rangi nyekundu. Nikaenda kuomba gari niwahi kuwaambia kabla ya masika.

“Matokeo hayatoki hapa mpaka jarida lichapishe,” Mkuu aliniambia. “Mkataba ndivyo unavyosema. Ukiuvunja, wenzetu wanaondoka.”

“Na mvua ikitangulia?”

“Wewe ni mtafiti. Hukuajiriwa kuwa mwenyekiti wa kijiji.”

Nilipanda basi kwa nauli yangu. Mzee Bagenda alinisikiliza hadi mwisho, akahamia na mkewe na wajukuu kwa ndugu yake huko Isingiro. Mama Devota alinikaribisha senene, wale panzi wa kukaanga, akacheka kwa upole. Alisema amezaa watoto wanne juu ya udongo ule, na kama hatari ni ya kweli, mbona chuo hakijamwambia mtendaji wa kata? Nikamfuata mtendaji. Naye akataka neno rasmi la chuo. Nikampigia Mkuu simu mbele yake, akakata.

Mlima ulishuka masika yaleyale. Mama Devota alifukuliwa akiwa jikoni mwake.

Jarida lilichapisha, na ushirikiano wetu ukapata tuzo ya kimataifa. Kwenye sherehe ukumbini, profesa wa Ulaya alionyesha picha ya mlima uliomeguka, na Mkuu akasema maporomoko yale yamethibitisha usahihi wa ramani yetu. Watu wakapiga makofi. Nilisimama nikawaambia kwamba chini ya udongo ule wa pichani alikufa Mama Devota, mama wa watoto wanne, na kwamba tulijua. Mkuu aliniomba nikae. Sikukaa, nilitoka.

Nikaondolewa kwenye mradi. Sikupandishwa cheo tena, na nilistaafu nikiwa mhadhiri wakati wanafunzi wangu ni maprofesa. Vijana wa fani hii wananiambia hasira haimfai mtu wa umri wangu. Mimi naona inanifaa sana. Nanyi vijana, msikubali kutia sahihi mkataba unaolipatia jarida haki ya kujua kabla ya mwenye kibanja.

Mwaka jana walinijia Chonyonyo mhadhiri kijana na wageni wawili, wakitaka niwatambulishe kwa wenye vibanja. Nikawauliza nani ataambiwa kwanza. Wakatazamana, wakasema watauliza kwao. Nikawaambia wakaulize, wakipata jibu warudi tuongozane.

Hawajarudi.