Risasi ya Pili ya Odeta

Odeta aliwahi kivuko cha kwanza kutoka upande wa Sengerema, akachagua benchi la chuma lililo chini, mbali na ngazi, ili Revocatus asilazimike kupanda. Revocatus alinyoosha mguu wake wa kulia polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia, akafumba macho. Walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka kumi na mmoja katika kituo cha askari wa wanyamapori kilichopo ufukweni, na kwa miezi kumi na minne ya mwisho mguu ule ulikuwa kama mtu wa tatu katika kila safari yao.

Siku hiyo walikuwa wanakwenda Nyamagana kuchagua bunduki. Ofisi ilikuwa imekubali kwamba bunduki ya kituo imechakaa, na muuza silaha aliyepewa idhini alikuwa na mbili zinazofaa kwa viboko na mamba. Zilikuwa za kiwanda kimoja, zenye kutumia risasi za ukubwa mmoja, na zote mbili za kukoki kwa mkono: kila baada ya kupiga, mpigaji huinua mpini wa komeo, hulivuta komeo nyuma ili ganda tupu litoke, kisha hulisukuma mbele kuingiza risasi nyingine. Zilitofautiana kwa jambo moja tu. Ya kwanza ilikuwa na mpini upande wa kulia, kama bunduki zote ambazo Odeta aliwahi kuzishika. Ya pili mpini wake ulikuwa kushoto. Iliagizwa na mwindaji mmoja ambaye hakurudi kuichukua.

Bwana Elias, mkuu wao, alikuwa amesema maneno machache. "Mpigaji wa kituo ni wewe, Odeta. Chagua wewe. Ila namba ya bunduki nipewe kabla ya saa nane mchana, barua iondoke leo."

Odeta alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na alizaliwa akitumia mkono wa kushoto. Mama yake alimfundisha kula, kusalimia na kupokea kitu kwa mkono wa kulia, na mwalimu wa darasa la kwanza alimalizia kwa kalamu. Bunduki peke yake ndiyo iliyokataa. Katika mafunzo ya uaskari, mkufunzi alimlazimisha kuweka kitako kwenye bega la kulia kwa siku nne, na kwa siku nne hakugusa shabaha hata mara moja. Siku ya tano akahamia bega la kushoto bila kuomba ruhusa, akapiga tano kwa tano. Mkufunzi aliyatazama yale matundu, akamwambia aendelee hivyo hivyo na asimsumbue tena.

Kwa hiyo kwa miaka kumi na minane alilenga kwa kushoto bunduki iliyotengenezwa kwa watu wa kulia. Kila alipotaka kukoki, mkono wa kushoto uliachia triga, ukapita juu ya bunduki, ukaushika mpini upande wa pili, ukavuta, ukasukuma, ukarudi. Ili kuupisha mkono huo ilimbidi ainue uso kwenye kitako, na alipourudisha uso, alimtafuta mnyama upya. Risasi yake ya kwanza ilisifiwa hadi ng'ambo ya ghuba. Ya pili haikuzungumzwa, kwa kuwa mara nyingi haikuhitajika.

Ilihitajika asubuhi moja, miezi kumi na minne iliyopita, katika majaruba ya mpunga. Kiboko alikuwa amechelewa kurudi ziwani, na akina mama wa palizi walikuwa wameshafika. Revocatus alisimama tutani akigonga debe ili kumgeuza mnyama aelekee majini. Risasi ya kwanza ilimpata lakini haikumwangusha. Mkono wa Odeta ukapita juu, ganda tupu likagonga kifundo chake, komeo likaishia katikati, akalivuta tena. Ilipofika risasi ya pili, kiboko alikuwa ameshapita tutani na mguu wa Revocatus ulikuwa umevunjika mahali pawili.

Hawakuwahi kuizungumzia siku ile. Revocatus alikuwa na mzaha mmoja tu juu yake, kwamba nyama ya adui wake aliila akiwa wodini na haikuwa na chumvi ya kutosha. Odeta hucheka kila anapousikia mzaha huo, na kila mara kicheko kinamgharimu zaidi ya mara iliyotangulia.

Karakana ya mzee Aftab, yule muuza silaha, ilikuwa nyuma ya mtaa wa mabenki, na mlango wake wa nondo ulikuwa na kufuli mbili. Mzee mwenyewe alikuwa mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi shingoni, na juu ya meza yake kila bisibisi ililala mahali pake palipochorwa umbo lake kwa penseli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Karibuni. Huyu wa mguu akae pale, kiti hicho hakiyumbi." Alimtazama Odeta. "Elias amenipigia, amenieleza habari za bega lako na mkufunzi. Nyoosha mikono yako mbele. Viganja vikutane, acha tundu dogo katikati. Utazame ile kalenda ukutani, macho yote mawili wazi. Sasa vuta mikono mpaka usoni, kalenda isipotee."

Odeta alivuta. Tundu likaishia kwenye jicho la kushoto.

"Basi," alisema mzee Aftab. "Hukuwa mbishi kwa yule mkufunzi wako. Jicho linaloongoza ni la kushoto. Bega lilifuata jicho."

Alileta bunduki zote mbili, akafungua komeo la kila moja, akaonyesha kuwa chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu, akaziweka mezani. Kisha akatoa risasi sita za mazoezi, zisizo na baruti. Kazi ilikuwa kulenga doa jeusi ukutani, kubonya triga, kukoki na kurudi kwenye doa, mara tatu, huku mzee akitazama saa yake ya mkononi.

Odeta alianza na ile ya kulia. Sekunde kumi na moja. Alirudia. Kumi na moja.

Alichukua ya kushoto. Ilikaa begani kama nguo iliyoshonwa kwa kipimo, na kwa mara ya kwanza tangu atoke kituoni alihisi mabega yake yanashuka. Alibonya. Mkono wa kushoto ukaachia triga, ukapita juu ya bunduki, ukashuka upande wa kulia, ukakuta chuma laini kisicho na kitu. Mpini ulikuwa upande mkono ulikotoka. Alirudi, akaupata, akakoki. Mara ya pili mkono ukafanya vilevile. Mara ya tatu pia.

"Sekunde kumi na tano," alisema mzee Aftab.

Revocatus alicheka kwenye kiti chake. "Dada Odeta, mpini unaukimbia au unakukimbia?"

Odeta aliishusha bunduki, akafungua komeo, akaiweka mezani taratibu. Alikuwa ameamka saa tisa na nusu usiku. Alikuwa ameitarajia bunduki hii tangu siku aliposikia kuwa ipo, ingawa hakumwambia mtu, na sasa kilichomchosha hakikuwa safari wala kuamka mapema. Mwili wake ulikuwa umejifunza kosa kwa uaminifu kiasi kwamba haki ilipoletwa mezani, mkono ulipita juu yake na kuiacha.

"Andika ya kulia, mzee," alisema. "Naijua tabia yake."

"Unaijua tabia yako," alisema mzee Aftab. "Bunduki haina tabia. Ukikoki hii mara mia mbili kila siku, kwa risasi hizi za mazoezi, mkono utaacha kupita juu. Wiki mbili, labda tatu. Ile ya kulia ina kikomo. Hata ukikoki mara elfu, bado uso utainuka."

"Nimechoka kujifunza, mzee. Na si mimi peke yangu. Kituo kina bunduki moja. Tupo watatu, mimi, huyu na Shigela, na inapita mkono kwa mkono kila saa kumi na mbili. Anayetoka hufungua komeo, anayeingia hutia kidole kwenye chemba, husema tupu, naye hujibiwa tupu. Wao wawili ni watu wa kulia. Nikichukua hii, nitakuwa nimeuhamisha mzigo wangu nimewapa wao."

Mzee Aftab aliondoa miwani akaifuta.

Revocatus aliinuka. Alikuja mezani kwa hatua zake za kuvuta, akaomba ile ya kushoto, akaangalia chemba, akaiweka kwenye bega lake la kulia. Akapokea risasi tatu za mazoezi. Alibonya, mkono wake wa kulia ukatafuta mpini mahali ulipozoea kuukuta, usiukute, akainua uso, akapeleka mkono juu ya bunduki, akavuta. Risasi ya mazoezi ikaruka na kumpiga kwenye kiwiko. Komeo likakwama katikati. Akalivuta tena, akasukuma, akarudisha uso kwenye kitako, na ilionekana wazi kwamba doa jeusi limempotea.

Hakumaliza zile tatu. Alishusha bunduki, akabaki ameitazama.

"Dada," alisema, bila mzaha sasa, "hivi ndivyo ilivyokuwa siku ile?"

"Ndivyo inavyokuwa siku zote."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba mguu wako ulivunjwa na mkono wangu wa kushoto?"

Revocatus alifungua komeo na kuirudisha bunduki mezani. "Mimi nilidhani uliogopa," alisema. "Miezi yote hii. Nilikuwa nimeshakusamehe kwa kuogopa. Sasa sijui nikusamehe nini." Akaegemea meza ili kuupumzisha mguu. "Chukua hii. Kiboko akitoka, utapiga wewe. Mimi na Shigela tutalinda, tutagonga debe, na tukikuona unakuja tutakupa njia."

"Zamu yoyote?"

"Zamu yoyote."

"Na siku zangu za Kiseke?"

Odeta alikuwa na chumba Kiseke, chenye kitanda cha chuma na dirisha linalotazama miamba, na huko hulala siku nne kila mwezi. Hakuna anayemwita. Siku ya kwanza hulala mpaka jua linapoingia ndani na kumgusa miguu.

"Zipunguze ziwe mbili," alisema Revocatus. "Mpaka sisi tuizoee. Na hizo mbili tutamwomba Mungu viboko washibe."

Odeta alitazama saa ya mzee Aftab. Saa sita na dakika ishirini. Aliichukua ile ya kushoto kwa mara nyingine, akalenga, akabonya, na mkono ukaanza kupanda. Akausimamisha hewani, akaushusha pale pale upande wake, akakoki bila kuinua uso. Doa jeusi halikutoka machoni. Ilikuwa mara moja tu, na polepole mno.

"Andika hii," alisema.

Bunduki ilifika kituoni siku tisa baadaye, katika sanduku lililofungwa, kwa gari la ofisi. Odeta alikoki mara mia mbili kila asubuhi na kuziandika katika daftari kwa mkono wake wa kulia. Katika wiki ya tatu, Bwana Elias alikuja na saa yake, akapata sekunde sita, akatia sahihi kwenye daftari.

Jioni ya siku hiyo Odeta alimaliza zamu. Alifungua komeo, akamnyooshea Shigela bunduki kwa mkono wa kulia kama ipasavyo. Kidole cha Shigela kilikwenda upande wa kulia, kikakuta chuma kitupu, kikasita. Odeta alingoja. Aliujua urefu wa kusita kule, hata akaona haya kuuhimiza. Kidole kikazunguka, kikaingia kwenye chemba.

"Tupu," alisema Shigela.

"Tupu."

Odeta aliingia chumbani pale pale kituoni, akaketi ukingoni mwa kitanda, akainama kufungua buti. Alilegeza kamba za la kushoto, kisha za la kulia. Revocatus, aliyekuwa mlangoni akimenya muhogo, alimwona ameishia hapo.

"Vua, dada. Lala."

"Nimelala. Ulisema zamu yoyote," alisema Odeta, akajinyoosha chali juu ya blanketi, buti zikiwa miguuni, uso umeelekea ziwani.