Paka Mwenye Taji na Dele la Bi Zuwena

Juzi binti yangu alikuwa amejilaza kwenye zulia, simu kaiegemeza kifuani, mara nikasikia kinanda. Si kinanda cha taarabu. Ni kile kinachokwenda mbio kama kinafukuzwa na mbwa, na ndani yake mna mkwaruzo wa kanda kuukuu. Nilikuwa jikoni nakata vitunguu, kisu kikasita. Nikamwambia azime. Akanijibu, katuni tu hii mama, tena ya zamani, haina hata rangi. Nikasema basi, iache. Nikarudi kwenye vitunguu vyangu nikalia vizuri, maana vitunguu vina faida hiyo, hakuna anayekuuliza una nini.

Nyinyi nitawaambia nilikuwa na nini.

Tulikuwa tukikaa Ibra, huko Oman, miaka ya tisini, nami ni mtoto wa skuli mwenye meno ya mbele yanayoota upya. Nyumba ilikuwa ya Bibi yangu, Bi Salma, mama yake baba. Bibi alizaliwa Unguja na akaondoka huko "mwaka ule", kama wakubwa walivyouita, na sisi watoto tulijua kwamba mwaka ule hauulizwi. Alikuja Oman na sanduku la nguo, Kiswahili chake kitamu, na Bi Zuwena.

Bi Zuwena alikuwa nani kwetu? Kila nilipouliza nilijibiwa: ni wa nyumbani. Nikatosheka, maana kwetu kulikuwa na mashangazi wa kila namna na sikuona haja ya kumchambua huyu mmoja. Nilijua kwamba mama yake alikuwa akikaa kwa wazee wa Bibi huko Unguja, kwamba yeye alizaliwa humo humo ndani, na kwamba yeye na Bibi walicheza kombolela pamoja. Ibra alikuwa na nyumba yake mwenyewe aliyopewa na serikali, na mwanawe alikuwa polisi mwenye gari jipya kuliko letu. Kila Alhamisi baada ya Alasiri mwanawe huyo alimshusha mlangoni petu. Alivua viatu, akapita moja kwa moja jikoni, akatoka na dele, lile birika la kumiminia kahawa.

Siku zile Alhamisi ndiyo iliyofungua mapumziko ya wiki, na wanawake wa Kiswahili wa mtaani walikusanyika kwa Bibi. Tende zilikuwapo, halua ilikuwapo, na ubani uliofukizwa mpaka macho yanawasha. Kahawa ilikuwa lazima itoke kwenye dele la shaba. Majirani walikwishahamia kwenye chupa za chai, lakini Bibi alisema kahawa ya chupa ni ya watu wa ofisini. Desturi ni kwamba aliye mdogo ndiye asimame amimine, dele mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, na wakubwa wakae. Kwetu aliyesimama alikuwa Bi Zuwena, na chumba kizima hakikuwa na mtu aliyemzidi umri. Mimi nilidhani anapenda.

Basi ami yangu Nassor, mdogo wake baba, alikodi kanda ya video kututuliza watoto. Mwenye duka alimpa kanda ambayo, nadhani, hakuna mtu mwingine aliyekuwa akiitaka: katuni za kale, nyeusi na nyeupe, hazisemi, kinanda tu kinakimbia, na kila mara yanatokea maandishi ya Kizungu ambayo hakuna aliyeyasoma. Sisi tukanuna. Bibi ndiye aliyeiokoa ile kanda. Aliketi mbele ya televisheni na mto wake mgongoni, akaanza kuwatia wanyama sauti. Jogoo alisema kama muuza samaki wa Sur, bata alilalama kama shangazi yetu wa Nizwa. Wanawake wakaacha kusengenya, wakageuka kutazama. Ikawa kila Alhamisi kanda ile inawekwa upya, na Bibi anaongeza maneno.

Ndani yake mlikuwa na katuni moja ya paka mfalme. Mnene huyo, taji limemzidi kichwa, linamshukia machoni kila anapopiga chafya. Mawaziri wake walikuwa mbuzi, kazi yao kutikisa vichwa. Mfalme akisema hivi, wanatikisa, akisema kinyume chake, wanatikisa vile vile. Kuku wanakuja na mayai yao, anayachukua. Kondoo wanakuja na sufi, anaichukua, wanarudi makwao uchi na aibu zao. Mama yangu hakuipenda kabisa. Alifunga madirisha, akamuuliza Ami Nassor kama ana hakika huyo si mfalme wa mtu yeyote tunayemjua. Ami akamwambia huyo ni mfalme wa Wazungu waliokwishakufa zamani. Mama akasema hata hivyo, na madirisha yakabaki yamefungwa.

Mfalme alikuwa na panya wa kumiminia kinywaji. Alikuwa mdogo, birika limemshinda ukubwa, na anakimbia kutoka pembe hii hadi ile. Paka hamtazami. Ananyoosha kikombe pembeni tu, panya anajaza, anakigida, ananyoosha tena.

Alhamisi ninayoisema, chumba kilikuwa kimejaa. Bibi alikuwa kwenye ubora wake, mbuzi wakisema "naam seyyid, naam seyyid" kwa sauti ya puani, na wanawake wanajifuta machozi kwa ncha za mitandio. Bi Zuwena alikuwa amesimama karibu na mlango na dele mkononi. Kahawa ya Bibi ilikwisha, akanyoosha kikombe pembeni bila kuondoa macho kwenye televisheni, kama alivyozoea siku zote. Na kwenye televisheni paka naye akanyoosha chake.

Bi Zuwena hakwenda. Aliuliza kutoka pale pale mlangoni, "Na huyo panya, Bi Salma, mbona yeye hasemi kitu?"

"Panya aseme nini?" Bibi alijibu bila kugeuka. "Kazi yake kumimina."

Wanawake walicheka. Sisi watoto tulijua kinachokuja, tukaanza kupiga makofi kabla hakijafika. Panya alipanda mgongo wa kiti cha enzi, akaliinua birika, akalimwaga lote juu ya taji. Paka alilowa mpaka masharubu yakalala. Tukashangilia panya. Na juu ya kelele zetu nikasikia kicheko ambacho sikukijua. Kilikuwa kinene, kinatoka chini, kinapanda na kuanza upya, na nilipogeuka nikaona ni cha Bi Zuwena. Tangu kuzaliwa kwangu nilimjua kwa tabasamu la midomo iliyofumba. Sikujua kwamba ana pengo la jino pembeni.

"Mimi nimemsikia," alisema alipopata pumzi. "Anasema: leo jimiminie mwenyewe."

Kikombe cha Bibi kilikuwa bado kimenyooshwa. Wote tukakiona. Kinanda kiliendelea kukimbia peke yake. Bi Zuwena aliliweka dele chini kwenye zulia, taratibu, hakulibwaga. Kisha akakaa pale pale lilipo, akainyoosha miguu yake mbele ya wageni, vidole vimevimba. Nilishtuka kuliko kama angetukana. Mama alishika mdomo. Mke wa jirani alianza kuokota tende iliyoanguka ambayo haikuwapo.

Bibi alikirudisha kikombe mapajani. "Kumbe ulikuwa nayo moyoni, Zuwena."

"Moyo ninao, Bi Salma. Kila mtu kazaliwa na wake."

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililotisha. Akanyanyuka kwa kushika ukuta, akachukua buibui lake, akatoka nje kumngojea mwanawe kwenye ngazi, juani. Hakuna aliyethubutu kumfuata. Kwenye televisheni wanyama walikuwa wanacheza ngoma juu ya kiti cha enzi, mpaka mama akazima.

Jioni ile nilimkuta mama anapepeta mchele, nikamuuliza upya: Bi Zuwena ni nani kwetu? Nadhani alikuwa amechoka kusema uongo, au alikuwa amechoka tu. Aliniambia kwamba bibi yake Bi Zuwena alinunuliwa na babu yake Bibi. Alisema hivyo macho yapo kwenye mchele, kwa sauti ya kutaja bei ya nyanya. Nikamuuliza alinunuliwa vipi, kama mbuzi wa Idi? Akasema usimuulize bibi yako. Nilikwenda kukaa chooni, mahali pekee penye komeo, nikawa najitazama mikono. Mimi nilikuwa nikimshangilia panya. Hakuna aliyeniambia kwamba nilikuwa nimekaa upande wa paka.

Alhamisi zilizofuata Bi Zuwena hakuja. Mama alimimina, akamwagia wageni, na Bibi akalalama kwamba kahawa ina ladha ya maji ya kuoshea sufuria. Kanda ilirudishwa dukani. Wanawake walimpepea Bibi kwa maneno: watu husahau walikotoka, Bi Salma, wewe usijishushe, atarudi mwenyewe. Bibi alitikisa kichwa tu kama wale mbuzi. Wageni wakiondoka, yeye hali chakula. Akikumbuka jambo la Unguja anafungua mdomo kulisema, anatazama mlangoni, anaufunga. Nikaingiwa na hofu ya kitoto kwamba atakufa. Mchana mmoja nikimkanda miguu aliniambia, kama anajisemea, kwamba Ibra nzima, na Oman nzima, hakuna mtu mwingine aliye hai aliyemjua mama yake. "Nikimsahau uso," akasema, "nitamuuliza nani?"

Baada ya siku chache alipika kahawa mwenyewe, kazi ambayo sikuwahi kumwona akiifanya. Aliliviringisha dele kwenye kanga, akalipakata, akamwamuru Ami Nassor awashe gari. Mimi nilichukuliwa nibebe vikombe.

Bi Zuwena alitufungulia mwenyewe. Alisimama mlangoni, hakusema karibu, hakusema ondokeni. Na Bibi, ambaye huamkiwa na mtaa mzima, aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo, Zuwena."

Lazima niwaeleze kwa nini nusura niviangushe vikombe. Bi Zuwena alimzidi Bibi miaka kadhaa, na mdogo ndiye amwamkiaye mkubwa, hata mtoto wa kunyonya anajua. Lakini maisha yangu yote nilisikia shikamoo ikitoka kwa Bi Zuwena kwenda kwa Bibi. Niliizoea hivyo, na iliponijia imegeuzwa nikaona dunia imepinduka miguu juu. Bi Zuwena aliiacha ikae hewani. Alitazama gari, akatazama kanga, akatazama miguu ya Bibi.

"Marahaba," akasema mwisho. "Piteni."

Alikaa kwenye mto. Bibi alibaki wima, dele mkono wa kushoto, akammiminia. Sasa, kwetu mtu aliyetosheka hukitikisa kikombe, na mmiminaji akiona hivyo huacha. Asipokitikisa, unamwongeza. Bi Zuwena alikunywa, akakinyoosha. Bibi akajaza. Akakinywa kwa kituo, akakinyoosha tena. Nilingoja mkono wake utikisike na haukutikisika. Bibi alikuwa amebana midomo, goti lake bovu limekunjika, kahawa inamwagika kidogo kwenye zulia kila anapoinama. Nilitaka kumpokea dele, akanisukuma kwa kiwiko. Nilikasirika mpaka machozi yakanilenga. Nilimwona Bi Zuwena mtu mkorofi, asiye na adabu wala huruma. Ikaendelea hivyo mpaka dele likawa linatoa machicha.

Ndipo Bi Zuwena akakiweka kikombe chini. "Iliki umezidisha," akasema.

"Mama yangu alikuwa akizidisha," alijibu Bibi.

"Kweli," akasema Bi Zuwena, na uso wake ukalegea. "Alikuwa akizidisha, na akikatazwa anaongeza."

Bibi akakaa. Sikuwaona wakikumbatiana, wala hawakuombana radhi. Walianza kubishana juu ya rangi ya kanga ya mtu aliyekufa kabla baba yangu hajazaliwa, na mimi nikasahauliwa na vikombe vyangu. Tukirudi garini Bibi alisema Zuwena zulia lake baya. Alhamisi iliyofuata Bi Zuwena alishuka mlangoni petu, akavua viatu, akaja kukaa katikati ya wageni, na dele nikakabidhiwa mimi. Niliwaunguza watu wengi.

Nilipokua nilijifunza kwamba wachoraji wa katuni zile walikuwa wakimcheka mfalme wao au waziri wao, na kwa kuogopa kumtaja wakamvika manyoya ya paka. Walijua wamemlenga nani. Hawakujua kama kuna Ibra, wala kama kuna chumba cha wanawake huko ambamo mshale wao utakuja kutua. Hilo nililielewa vitabuni, bila shida. La kile kikombe kisichotikiswa lilinichelewa sana, nikawa na hasira na Bi Zuwena mpaka baada ya kumzika, Mungu amrehemu. Kisha siku moja nimesimama namimina kwa wageni wangu, nikajaribu kukumbuka yeye alikuwa akiipenda kahawa ya namna gani. Sikujua. Alhamisi zote zile alizokuwa akituzungukia na dele, sikuwahi kumwona akinywa.