Tanbihi ya Arobaini na Moja

Shangazi yangu alikuwa mpiga chapa wa kitivo cha sheria, na wahadhiri walimwita Bi Nukta. Jina lilimkaa. Angeweza kumsimamisha profesa mzima kwenye ngazi kumwambia kwamba nukta yake imeangukia nje ya mabano. Mimi nilifanya kazi chumba kimoja naye, kwenye mashine ya kutoa nakala, na nilikuwa nikicheka sana. Sikujua ukali ule wa nukta ulitoka wapi.

Wasomi wa sheria, kama hujawahi kukaa nao, hawaandiki sentensi bila kuining'inizia tanbihi, yale maandishi madogo ya chini ya ukurasa yanayoonyesha nani alisema nini na lini. Kuzipanga ndiyo ilikuwa kazi ya shangazi. Siku hiyo Daktari, mhadhiri kijana aliyetembea mbiombio hata akienda kunywa chai, alimletea makala yake mpya iliyokwisha kubaliwa na jarida. Ilihusu wajane, na ilitetea kanuni moja: mjane aliyearifiwa kwamba nyumba inauzwa, akanyamaza, amekubali.

Shangazi alipofika tanbihi ya arobaini na moja akaacha kuchapa. Nilimwona akihesabu kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta. Akahesabu tena.

"Kumi na moja," akasema.

"Kumi na moja nini, shangazi?"

"Mimi nilidhani ni mmoja."

Akanieleza palepale, bila kunitazama. Miaka kumi na tisa iliyopita, kabla ya kuja chuoni, alikuwa akichapa kumbukumbu za mahakama kutoka kwenye kanda. Mjane mmoja alimshtaki shemeji yake kwa kuuza nyumba. Kwenye kanda mjane alisema, "Hakunipa taarifa." Shangazi akachapa, "Alinipa taarifa." Haraka tu, macho mazito, basi. Shauri likaenda rufaa. Majaji wa rufaa hawakumwona mjane, walisoma karatasi. Wakasema mama huyu amekiri kwa kinywa chake, na hapo ndipo walipoitunga kanuni hii anayoitetea Daktari.

Mjane akamjia shangazi kwenye dirisha la ofisi ya mahakama na nakala mkononi. "Mwanangu, haya si maneno yangu."

"Nikamwambia, mama, kumbukumbu haikosei, labda umesahau," shangazi akasema. "Alipoondoka nikaisikiliza kanda. Hakunipa. Wazi kabisa. Nikairudisha kwenye rafu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimethibitishwa kazini. Mwaka uliofuata kanda zote zikarekodiwa mashauri mengine."

Tangu hapo sauti ile haijamtoka sikioni. Humjia akiosha vyombo, humjia akiwa kwenye foleni ya benki, naye huirudia midomoni. Nimeishi naye miaka sita nikidhani anajisemesha kwa uzee. Nilikasirika, sifichi. Nilimkasirikia yeye, na niliwakasirikia wasomi walionukuu kosa, wakanukuliana, wasiulize hata siku moja yule mama yuko wapi. Sasa tanbihi ya Daktari ilikuwa imezipanga hukumu kumi na moja zilizoifuata ile ya kwanza, na katika kila moja kulikuwa na mwanamke aliyetolewa nyumbani kwake.

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Daktari. Nilimsindikiza. Alisema yote akiwa wima, na Daktari akaifungua makala kwenye tanbihi ile.

"Makala yote imesimama juu ya sentensi hiyo, Bi."

"Najua. Nimeichapa mara mbili sasa."

"Nikiandika habari hii bila jina lako, watasema ni porojo."

"Liandike. Lile la kwenye kitambulisho, si hilo la Nukta."

Daktari akaiondoa makala jaridani, akaiandika upya kwa miezi minane, safari hii akiipinga kanuni. Ilipotoka, baadhi ya watu kitivoni waliacha kumsalimia shangazi. Wengine walimpongeza kwa ujasiri, na hilo lilimuumiza zaidi.

Wiki chache baadaye mwanamke wa makamo akaingia chumbani kwetu, jarida kwapani.

"Aliyechapa maneno ya mama yangu ni nani?"

Shangazi akasimama. "Ni mimi." Akavua miwani, nadhani alitegemea kofi. Hata mimi nilisogea karibu.

Yule mwanamke hakumgusa. "Mama alifariki miaka minne iliyopita," akasema. "Alishikilia kwamba hakusema vile. Sisi wanawe tulikuwa na karatasi ya mahakama, tukamwambia, mama, umesahau. Tulimpeleka hospitali apimwe kichwa. Mwishowe akakubali. Akawa anatuomba radhi, kwamba kusahau kwake ndiko kulikotupotezea nyumba."

Shangazi akaiweka miwani mezani.

"Hakusahau," akasema.

"Najua. Nimesoma." Mwanamke akaliweka jarida juu ya meza. "Sasa hilo nikamwambie nani?"